Siku moja maishani mwangu: mimi ndo yule wa linki za maktaba

Nikisema nafanya kazi maktaba ya chuo watu wanadhani nagonga mihuri na kunyamazisha watu. Muhuri sijaushika miaka. Kazi yangu ni linki. Mwanafunzi wa kozi ya mtandaoni akibonyeza "Soma makala hii" na makala ikafunguka, ujue katikati hapo kuna mtu alihangaika, na mtu mwenyewe ndo mimi. Isipofunguka pia ni mimi, na hapo ndo nakumbukwa.

Saa 2 asubuhi. Tiketi 19, yaani maombi ya msaada. Karibu zote paswedi, au mtu kaandika jina lake panapotakiwa namba ya usajili. Zinaisha upesi.

Saa 3. Kuna programu inakagua linki za kozi zote usiku halafu asubuhi inaniletea ripoti, nyekundu zimekufa, kijani nzima. Sasa hii programu ukurasa unaosema "lipia ili usome" inauona mzima kabisa, si umefunguka? Kijani. Kwa hiyo nyekundu hazinitishi, za kijani ndo nazifungua moja moja kwa mkono.

Saa 4 na nusu, simu. Mhadhiri, mtu mzima na heshima zake, ana wanafunzi 140 na jaribio ni kesho saa 3 asubuhi. "Dada, wanafunzi wanalalamika linki hazifunguki, mbona kwangu zinafunguka zote?"

Hilo swali nalisikia kuliko jina langu. Kwake zinafunguka kwa sababu yuko ofisini. Wachapishaji wengi wanakitambua chuo kwa anwani zake za IP, yaani namba za mtandao wake, ukiwa ndani ya mtandao wa chuo unapita tu, huulizwi wewe nani, wala hujui kama kuna mlango. Mwanafunzi yuko nyumbani na bando lake, mchapishaji anamwona mpita njia. Ili aingie, linki inatakiwa ipitie proksi, yaani mbele yake kinakaa kipande cha anwani kinachompitisha mwanafunzi kwenye mtambo wa chuo, mtambo unamuuliza namba na paswedi, kisha unaenda kwa mchapishaji kwa niaba yake kana kwamba kaketi chuoni.

Nikamwambia Dokta, naomba uzime wifi kwenye simu, uwashe data, ufungue brauza kwenye dirisha la faragha ubonyeze linki ya kwanza. Kimya. "Wifi naizimia wapi?" Tukaitafuta hiyo wifi mpaka ikapatikana, ikazimwa, ikajiwasha yenyewe, tukaizima tena. Akabonyeza. "Inasema muda wako umekwisha. Muda gani? Mimi ndo kwanza nafungua!"

Nikajua. Alikuwa anakopi anwani ya juu kwenye brauza. Kwenye database nyingi, yaani hifadhi za makala za mtandaoni, anwani ile ni ya kikao, inaishi wewe ukiwa umo ndani tu, ukitoka ni tiketi ya basi la jana. Linki ya kudumu iko pembeni, hifadhi kama JSTOR wanaiweka kwenye ukurasa wa makala yenyewe, kwingine unaitafuta kwenye kialama cha mnyororo ambacho hakuna anayekigusa. Nimemweleza. Akasema lakini jana nilijaribu ikafunguka. Ndiyo Dokta, jana kikao kilikuwa bado hai.

"Basi nizipakue zote nipandishe PDF, yaishe."

Jamani. Leseni kuturuhusu kuweka linki haina maana inaturuhusu kupandisha faili, hilo ni suala la hakimiliki na ni kesi nyingine. Makala ikisahihishwa au ikiondolewa na jarida, PDF yako inabaki na makosa yake mwaka baada ya mwaka. Halafu kuna hili ambalo wahadhiri hawaambiwi: kila anayesoma kupitia linki anahesabiwa, na mwisho wa mwaka tukikaa kuamua jarida gani tulipie tena, tunaangalia hesabu hizo. PDF umepakua wewe mara moja, wakasoma watu 140, kwenye hesabu ni msomaji mmoja. Mwakani jarida linakatwa unatupigia unauliza kwa nini.

Akakumbuka DOI. Nazipenda DOI mimi, zile namba za kudumu za utambulisho wa makala zinazoanza na 10., zipo tangu 2000, jarida likihamia tovuti mpya mchapishaji anasahihisha anwani na namba inabaki ile ile. Ila DOI inakupeleka kwa mchapishaji, na majarida mengine sisi hatuyanunui kwake, tunayapata ndani ya database ya kampuni nyingine. Mwanafunzi anafikishwa mlango wa mbele wakati ufunguo wetu ni wa mlango wa nyuma. Anaambiwa alipe, na makala tayari tumeilipia!

Dakika 55 hiyo simu. Mwisho nikasema Dokta niachie nitafanya mwenyewe. Linki 43: za kikao 26, DOI tupu 9, PDF 5, nzima 3. PDF moja imeskaniwa imelala upande, ni picha tupu, na kwenye kozi ile kuna mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusomewa, sasa programu imsomee nini hapo? Makala mbili za jarida la Harvard Business Review tunazipata kupitia EBSCO, kampuni ya database, na chini kuna notisi kwamba ni za mtu kujisomea, si za kupangwa kwenye kozi wala kuwekewa linki, kwa hiyo hizo naandika kichwa na mwaka wanafunzi wazitafute wenyewe.

Mchana ulipita, sikuuona.

Saa 9 hivi, au 10, Dokta kanitumia ujumbe ana furaha, kasaidia, kaweka kile kipande cha proksi kwenye linki 11. Kumi na moja ambazo mimi nilishaweka. Sasa zina viwili viwili na haifunguki hata moja. Sikujibu papo hapo, nilisimama kwanza dirishani.

Halafu kitabu. Sura ya 4 ndo nusu ya jaribio, na kitabu chenyewe cha mtandaoni leseni yetu ni msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Mmoja! Wa kwanza kafungua asubuhi kaacha ukurasa wazi kaenda zake, wengine 139 wanaambiwa kinatumika, jaribu baadaye. Nikaomba leseni isiyo na kikomo, kwa kitabu hiki haiuzwi, kubwa kuliko zote ni ya watu 3. Bosi kakubali saa 11 na dakika kadhaa, muuzaji kathibitisha nikiwa nshafunga begi, nikalifungua tena. Nikawaandikia wanafunzi: fungua, pakua sura tu, inaruhusiwa, halafu TOKA mwenzio aingie. Herufi kubwa, nisamehewe.

Usiku nimelala chali mgongo unauma, nikachukua simu. Wifi nikazima, data nikawasha, dirisha la faragha. Linki ya kwanza, namba, paswedi, ikafunguka. Ya pili pia. Ya tatu mpaka ya saba. Ya nane ikawa inazunguka, inazunguka, ndo Dokta akaandika: "Dada bado uko macho? Kuna makala moja nimeongeza."