Air fryer na misosi yetu: kuku kapasi, maandazi hapana

Mmeniuliza sana kama hii air fryer kweli inakaanga bila mafuta au ni maneno ya wauzaji, haya leo naandika yote. Kwanza tuelewane, hicho kidude hakikaangi. Juu kuna koili inayopata moto na feni inayosukuma hewa ya moto izunguke kwenye kikapu, yaani ni oven ndogo yenye feni kali, basi. Ukishalijua hilo hutashangaa kwa nini vitu vingine vinatoka vitamu na vingine vinakutia aibu mbele ya wageni.

Kuku ndo mahali pake. Chukua mapaja yenye ngozi, paka kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, chumvi na pilipili manga, yalale kwenye friji, halafu kabla ya kuweka unaifuta ngozi na tishu mpaka ikauke, hapo usiruke hata kama una haraka. Nyuzi 190, dakika kama 25, katikati unageuza. Ngozi inalia kwenye meno, ndani majimaji yapo, na ukitoa kikapu unakuta mafuta ya kuku mwenyewe yametuama chini, na mimi sikuweka hata tone. Hapo naongelea kuku wa kisasa lakini, wa kienyeji mchemshe kwanza la sivyo utatafuna mpaka kesho. Kwa samaki, kibua naye safi kwa sababu ana mafuta yake, ila samaki changu usipompaka mafuta anakauka na ngozi inabaki kwenye kikapu.

Chipsi sasa. Hapa ndo watu wanadanganyana. Viazi unakata, unaloweka kwenye maji ya baridi nusu saa wanga utoke, unakausha kwa kitambaa, unachanganya na kijiko kimoja cha mafuta kwa nusu kilo, nyuzi 200 dakika 20 hivi huku unatikisa tikisa. Zinatoka nzuri, nje kavu ndani laini, watoto wangu wanazimaliza, ila mtu aliyezoea chipsi za kibandani na kachumbari na pilipili atakuambia hizi ni viazi vya kuoka, na hajakosea. Na usijaze kikapu! Ukirundika, za chini hazipati hewa zinaiva kwa mvuke zinakuwa teketeke, kwa hiyo kama mko sita nyumbani jiandae kupika kwa mafungu na wa kwanza kashamaliza kula wa mwisho bado anasubiri. Mihogo hivyohivyo, chemsha kwanza ndo uiingize.

Maandazi niseme tu ukweli, hapana. Kwenye karai andazi linaelea, moto wa mafuta unalishika haraka linafura lile tumbo tunalolijua. Hewa hata iwe ya moto vipi haina nguvu hiyo, ngozi inakauka mapema na unapata skonzi ya iliki. Tamu kwa chai, sikatai, lakini andazi siyo. Bhajia ndo usithubutu kabisa, ule uji wa dengu unavuja kwenye matundu na kukisugua kile kikapu ni adhabu. Sambusa lakini zinakubali vizuri, zipake mafuta kwa brashi pande zote, manda inakauka na kuwa kahawia.

Umeme je? Yangu ni wati 1500, kwa hiyo dakika 20 ni nusu uniti, tena pungufu maana koili inajizima na kuwaka yenyewe. Nikikumbuka bei ya mafuta ya kula sioni shida.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kupasha viporo. Sambusa za jana, kuku wa jana, hata zile chipsi za kibandani zilizolegea kwenye mfuko, dakika 4 au 5 zinarudi kama zimetoka jikoni sasa hivi, microwave haifui dafu. Chapati tu ndo inakauka kama kadibodi, hiyo rudisha kwenye kikaango.