Nilivyoteremka na gari kutoka Newala hadi Masasi

Leseni nilikuwa nayo kwa miezi minne tu, na mlima sikuwahi kuushikia usukani. Mjomba wangu amebeba korosho kwa Fuso miaka mingi. Julai akaniambia, "Mjomba, safari hii unaendesha wewe." Alichagua kiangazi makusudi, maana mvua za Desemba hadi Aprili huchimba makorongo barabarani.

Lami ya kilomita 50 kutoka Mtwara hadi Mnivata haikunisumbua. Mbele yake kulikuwa na vumbi na mchanga. Kwenye mchanga nilishika mwendo mmoja, sikukanyaga mafuta ghafla wala kukata usukani kwa nguvu, na gari likapita.

Newala tulisimama Shimo la Mungu. Pale ardhi inakatika ghafla, na chini linatandaa bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Nilitamani tukae hata saa nzima. Mjomba akafungua boneti, akatazama mafuta ya breki na tairi zote. "Gari hukaguliwa juu, mteremko haujaanza."

Akanipa sheria moja: gia ambayo ungepandia mlima ndiyo ya kuteremkia, na uiweke kabla hujaanza kushuka. Wapo wanaoweka frii, yaani gari bila gia yoyote, ili kuokoa mafuta. Hilo mjomba hataki hata kulisikia.

Nami nikasahau. Nilianza kushuka na gia namba tatu, mguu juu ya breki muda wote. Baada ya kona chache nikasikia harufu ya kuungua, na pedali ikawa laini, inazama. Moyo ulinienda mbio. "Weka mbili, kaa pembeni taratibu," mjomba akasema, sauti ileile ya kawaida. Tukasimama, tukaweka mawe mbele ya tairi zote mbili za mbele, upande wa mteremko, tukasubiri breki zipoe zenyewe bila kuzimwagia maji.

Tulipoondoka, gia mbili ikalishika gari, injini ikaunguruma. Breki nikawa naikanyaga kidogo na kuiachia. Kila kona iliyojificha nilipiga honi, na lori lililokuwa linapanda nikalipisha, maana likisimama pale kuondoka tena ni kazi.

Milima ya mawe ya Masasi ilipoanza kuonekana, mjomba akautoa mkono wake kwenye hendibreki, ulikokuwa tangu tulipoondoka, akafungua kifuko cha korosho.