Nne au tisa

Nilijipaka dawa ya mbu kuanzia vidoleni hadi viwikoni, nikavaa taa ya kichwa, nikajiona mtafiti kamili. Kabla hatujaingia msituni mwalimu akapita akitukagua mikono, kama wa zamu anayekagua kucha asubuhi. Alipofika kwangu akanusa.

"Wewe leo hushiki mnyama. Utashika daftari."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya kozi ya uwandani, majira ya joto, kwenye milima ya Appalachia ya kusini, Marekani. Tulikuwa tumemfuata salamanda. Kwa asiyemjua: umbo lake la mjusi, ila ukoo wake ni wa chura, hana magamba, na ngozi yake ina unyevu muda wote. Hifadhi ya Great Smoky Mountains pekee ina aina zipatazo 30. Wengi wao ni wa familia ya Plethodontidae, na hao hawana mapafu kabisa. Hewa wanaivuta kwa ngozi na kwa utando wa kinywa. Kwa hiyo chochote kilichopo kiganjani mwako kinaweza kupenya mlemle inamopita pumzi yake. Hilo nililielewa nikiwa nimeshakalia kigoda cha karani, nimenuna.

Wenzangu walilowesha mikono kwanza. Kila mnyama alipewa mfuko wake mpya wa plastiki wenye maji kidogo, wasije wakaambukizana kuvu. Jiwe likifunuliwa hurudishwa vilevile lilivyokuwa, kisha salamanda huwekwa pembeni ajiingize mwenyewe. Ukianza na mnyama ukamalizia na jiwe, umemponda.

Kwangu waliletwa wakiwa wamepimwa: urefu, uzito, jinsia ikijulikana. Baada ya wa kumi hivi kununa kukanishinda, nikaanza kuomba kuchungulia. Akaletwa mmoja mwenye mashavu mekundu, na aliyemshika akatamka kwa kujiamini: Plethodon jordani. Nikaandika. Msaidizi wa mwalimu akamgeuza mfuko, akatuonyesha mstari mweupe unaotoka jichoni hadi pembe ya taya, na miguu ya nyuma iliyonenepa kuliko ya mbele. Alikuwa Desmognathus imitator, aliyejivika mashavu ya mwenzake mwenye ute mchungu ili ndege wamwache. Nikafuta, nikaandika upya. Jamaa hawa wa Desmognathus hata kinywa hawakifungui kama sisi. Weka kidevu chako mezani, kibane hapo, kisha jaribu kupanua mdomo. Hivyo ndivyo wanavyokula.

Mvua ilianza kama saa sita usiku. Salamanda hupenda mvua, wakatoka kwa wingi, nami nikaandika mbiombio. Sasa, tulikuwa tumegawiwa karatasi zisizolowa pamoja na penseli. Penseli niliiona ya watoto wa darasa la kwanza, nikaitia mfukoni. Nikatumia kalamu yangu ya wino wa jeli.

Asubuhi kurasa mbili zilikuwa doa moja la buluu. Kilichosalia ni jumla chini ya ukurasa: mbili, na pembeni yake tarakimu ambayo wengine waliisoma nne na wengine tisa. Mimi niliyeiandika sikuweza kuapa.

Jumla hiyo ndiyo ilikuwa roho ya zoezi zima. Kila aliyekamatwa usiku ule alitiwa alama ndogo ya rangi chini ya ngozi, akaachiwa. Siku tatu baadaye tulirudi kwenye kiwanja kilekile (mikono yangu safi, shingo nimewaachia mbu) tukakamata 20, na kati yao 6 walikuwa na alama. Unazidisha waliotiwa alama mara waliokamatwa safari ya pili, unagawa kwa wenye alama, unapata makadirio ya wote waliopo. Kama usiku wa kwanza tuliwatia alama 24, kiwanja kina salamanda 80. Kama ni 29, wako karibu 97. Kumi na saba nzima walikuwa wametoka kwenye wino wangu.

Na pale namba si mchezo. Miti ya hemlock iliyokitia kivuli kijito imekauka, imefyonzwa na kidudu kilichotoka Asia, na kila kundi la wanafunzi linahesabu ili ijulikane kama viumbe wa chini yake wanapungua.

Jioni ya kuandika ripoti, mwenzetu mmoja mpenda amani akapendekeza tuchukue wastani, mambo yaishe. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Walikuwa 24 au walikuwa 29. Hawakuwa 26 na nusu."

Tukaandika safu zote mbili, na chini yake jina la karani.