Kisumu Kuanzia Miguuni

Usiku huu namsikiliza John Lee Hooker, mpiga gitaa wa bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, na picha nilizopiga leo kwenye soko la Kibuye hapa Kisumu ziko mbele yangu kwenye kompyuta. Wapenzi wengi wa bluzi huanza na B.B. King, jinsi alivyouvuta uzi mmoja wa gitaa mpaka ukalia. Mimi nilitekwa na mguu wa Hooker. Huyu alikuwa mzaliwa wa Mississippi aliyehamia Detroit na kufanya kazi viwandani. Mwaka 1948 aliingia studio akiwa na gitaa lake tu, bila ngoma wala besi. Akawekewa ubao chini ya kiatu, na maikrofoni ya kuunasa mshindo wake. Kwa spika nzuri, mguu ule unausikia tangu mwanzo wa wimbo hadi mwisho, haukimbii wala hauchoki.

Aliyekulia karibu na nyatiti, ala ya Waluo, anaujua mguu huo. Jathum, yaani mpigaji wake, huketi kwenye kigoda kifupi, ala yake ya nyuzi nane imelala ubavuni, na kwenye kidole gumba cha mguu amevaa pete ya chuma, oduong'o. Anaigongesha kwenye ala huku vidole vya mikono vikicheza juu, na njuga za gara zinaitikia kifundoni. Mtu mmoja, bendi nzima. Hata mwendo wao unakaribiana: Hooker aliweza kukaa kwenye kodi moja tu, yaani fungu lilelile la noti zinazopigwa pamoja, mpaka maneno yenyewe yamtake aiache, na wapigaji wenzake walipata taabu kumfuata. Mzee wa nyatiti naye, akiwa matangani, huuzungusha mdundo uleule huku akimtaja marehemu, ukoo wake, mashemeji zake, na hakuna anayemharakisha.

Sidai kwamba bluzi ilitoka huku kwetu. Wengi wa waliouzwa utumwani Marekani walitoka Afrika Magharibi na ya Kati, mbali sana na ziwa hili la Victoria. Lakini mguu wa Hooker ndio ulionifundisha kuutazama mji wangu kuanzia chini, na hilo nalishukuru kila ninapobeba kamera.

Jumapili ndiyo siku ya Kibuye. Wauza mitumba, mafundi wa viti, akina mama wa omena (dagaa), wahubiri wenye vipaza sauti, wote wanajaa mpaka barabarani. Huwa nafikiria soko la Maxwell Street kule Chicago, ambako pia Jumapili ilikuwa siku kuu. Wanabluzi waliohama kutoka kusini walivuta nyaya za umeme kutoka kwenye nyumba na maduka ya jirani, wakapiga magitaa yao katikati ya bidhaa. Kibuye nyaya kama hizo ninazo mbele ya macho kila wiki.

Na jua letu linanisaidia. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mwezi wa Machi na Septemba jua la adhuhuri husimama utosini na kivuli cha mtu hujificha chini ya nyayo zake. Wapiga picha wengi hufunga kamera saa hizo, kwa sababu macho ya watu yanazama gizani. Miguu, lakini, inawaka! Nimepiga visigino vya fundi cherehani vikipanda na kushuka kwenye pedali, akala za matairi za mwendesha boda zilizopakwa tope, kanyagio la mnoa visu. Yote ni mapigo. Ukisimama katikati yao ukatulia, soko lina mdundo, na unatoka chini.

Wenzangu huniambia watu wanataka nyuso. Ni kweli, na arusini nyuso nazipiga kwa moyo wote. Ila uso unajua kamera imefika, unajipanga. Mguu unaendelea na kazi yake.

Leo mzee mmoja wa nyatiti alikuwa ameketi karibu na wauza viti. Nikamwamkia, nikaomba ruhusa, akasema, "Piga tu, nyathina (mwanangu), lakini usinisimamishe." Kwa shata, pazia la kamera linaloingiza mwanga, iliyofunguka sehemu 1 ya 500 ya sekunde tu, kidole kiliganda hewani na kila mkunjo wa ngozi ukaonekana. Picha safi, ila haina muziki. Nikashuka hadi sehemu 1 ya 15, nikabana viwiko mbavuni nisitikisike. Kisigino kimetulia, mbao za nyatiti zimetulia, na pale penye pete ya chuma pamebaki ukungu mweupe, kidole kimeyeyuka ndani ya mdundo wake. Hiyo ndiyo picha. Nimekuwa nikiitafuta tangu niliposikia ule ubao wa Detroit.

Nilipomwonyesha kwenye kioo cha kamera aliitazama kwa muda mrefu, kisha akauliza ningekuwa wapi Ijumaa. Amealikwa kupiga kwenye matanga huko Seme, watakesha. Nimemwambia nitakuja. Nitabeba lenzi ya milimita 35 na mkeka, maana usiku kucha nitakaa chini.