Maisome, ziwa lina saa zake

Ndugu zangu wa mjini kila tukiongea kwenye simu wananiuliza, yaani wewe unaishije huko kisiwani, porini, viboko, mamba? Mi nimekulia Igoma, Mwanza mjini, nikaolewa huku Maisome, kisiwa cha Ziwa Victoria, kwa hiyo swali lao nalielewa. Huku mtu unaishi vizuri tena sana, ila ujue saa za ziwa. Karibu kila hatari ya huku ina saa yake na raha nazo hivyohivyo.

Alfajiri ni ya kwetu. Mitumbwi ya dagaa inaingia mwaloni, wanaume wamelowa macho mekundu, sie tunawahi kuanika kwenye chanja jua lisije likatukuta, furukombe analia juu ya mti, na ng'ambo unakiona kisiwa cha Rubondo, msitu mtupu mpaka kwenye maji. Kule ni hifadhi ya taifa tangu 1977 na wapo sokwe ambao wazee wao waliletwa kutoka Ulaya miaka ya 60, walikuwa wamefungiwa huko, wakaja kuachiwa msituni wakajifunza kuishi wenyewe. Hiyo habari hata nikihadithiwa kila siku sichoki.

Jua la utosi ni saa ya kichocho. Vile vidudu vinatoka kwenye konokono kukiwa na mwanga, kwa hiyo saa sita saba mchana, muda uleule watoto wanataka kuogelea, ndo vimejaa majini hasa pale penye majani. Wangu hawagusi. Maji ya kuoga nachota naweka kwenye pipa yanalala mpaka kesho yake, kwa sababu vile vidudu vikikosa mtu wa kumwingia vinakufa, na siku ya dawa shuleni nahakikisha wamekula wakashiba kwanza maana vile vidonge tumboni tupu vinasumbua.

Magharibi ikiingia ni zamu ya kiboko. Anatoka majini kwenda kula majani, usiku mmoja anamaliza kama kilo 40, na akipita shambani kwako basi. Asubuhi unaikuta njia yake kwenye nyasi, mifereji miwili na katikati tuta limebaki na majani yake, kwa sababu miguu ya kushoto na ya kulia imeachana sana, afu pembeni vichaka vyote vimerushiwa mavi kwa mkia. Mama mkwe nilivyofika tu aliniambia, "Mwanangu, kiboko usimkatie njia ya kurudi majini." Akishtuka anakimbilia ziwa, na wewe ukiwa katikati anapita juu yako. Ndo maana jua likizama hakuna anayeshuka kuchota maji, na mamba naye hiyo ndo saa yake.

Usiku ni wa upepo, na huo ndo unaniumiza roho. Nchi kavu inapoa, ziwa linabaki na joto lake, upepo wa kila upande unaenda kukutana katikati ya maji, mvua na radi zinashuka mpaka alfajiri, na waume zetu wako hukohuko na taa zao za sola kwa sababu dagaa wanavuliwa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa wanalala nyumbani, tunakaa nje mpaka usiku mwingi tunachoma sato, watoto wanacheza kwenye mchanga, hakuna usiku mzuri kama huo popote nilipowahi kuishi.

Hatari isiyo na saa ni kujaza chombo. Kivuko cha MV Nyerere pale kisiwa cha Ukara, Septemba 2018, ilizama mchana kweupe karibu kabisa na gati, uwezo wake ulikuwa watu 101 na waliofariki peke yao walizidi 220. Halafu bado unakuta mtumbwi wa abiria pale Kahunda, tunakopandia kuja kisiwani, umejaa watu, magunia, kreti za soda, pikipiki juu, jaketi za kuokolea zimekunjwa watu wamezikalia! Nakasirika jamani. Mimi ukijaa nashuka na wanangu, nahodha akinuna anune, tunalala kwa shemeji tunavuka kesho asubuhi maji yakiwa yametulia.