Siendi kwa Ajili ya Sukari

Mtaani kwetu watu wamekwishakubaliana kwamba nafanya judo kwa sababu ya sukari. Sina sukari, nimepima. Lakini mwanamume wa miaka arobaini na saba anayerudi msikitini baada ya laasiri, akaingia ndani, akatoka na begi ambalo zipu yake haifungi kwa unene wa nguo iliyomo, lazima ana maradhi yanayomsukuma. Sukari ndiyo ya kwanza kutajwa, presha inafuata. "Vizuri sana bwana, afya ndiyo mtaji," huniambia mzee mmoja wa pale barazani kila nikipita na begi langu. Naitikia na kwenda zangu, maana tukianza kuelezana ukweli nitachelewa mazoezi na yeye atachelewa bao.

Ukweli wenyewe ni kwamba nataka kumwangusha mtu.

Naona linavyosomeka. Ila nimelizungusha muda mrefu kichwani na sina namna nyingine ya kulisema. Mtu mzima kukimbia na kikundi cha jogging asubuhi ya Jumapili ni halali; kuna fulana za sare, kuna nyimbo, na mheshimiwa mmoja mbele anayepigwa picha. Kunyanyua vyuma nako halali, japo ukizidisha wataanza kuuliza mke wa pili anatoka wapi. Kinachokatazwa, bila mtu kukikataza kwa mdomo, ni kusimama mbele ya mwenzio na kutaka kwa moyo wako wote yeye awe chini na wewe juu. Hilo tumewaachia vijana. Sisi tumebakishiwa bao, karata na siasa, na wallahi matusi ninayoyasikia kwenye bao sijayasikia hata siku moja kwenye ukumbi wa judo.

Mimi ni fundi cherehani, na judo niliingia kupitia kwapa la koti. Kijana mmoja aliniletea koti lake la mazoezi limechanika chini ya mkono, akitaka alipate kesho yake. Nimeshona kanzu, suti, sare za shule, hata mapazia ya hoteli, lakini kitambaa kile sikuwa nimekishika. Kimefumwa kwa punje punje, kizito kikiwa kikavu, na kikiroa jasho kinakuwa mzigo. Ukosi wake una matabaka yaliyoshonwa pamoja mstari kwa mstari mpaka ukawa mgumu kama mkanda wa begi la safari. Sindano namba 16 ilikatika. Nikatia namba 18, mashine ikalalamika, pale kwenye pindo nikamalizia kwa mkono. Kijana alipokuja nikamuuliza nguo kama hii imechanwa na nini.

"Na mtu, ami."

Nikaenda kumtazama huyo mtu. Alikuwa msichana, mwembamba, hata kilo 60 sidhani kama alifika.

Judo hapa Unguja si jambo geni kama wengi wanavyodhani. Ililetwa na Mjapani, Tsuyoshi Shimaoka, aliyekuwa akiishi hapa na akaanza kuwafundisha vijana miaka ya 1990. Na ilikuta nafasi iko wazi, kwa sababu ngumi zilikuwa zimepigwa marufuku Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 na hazikurudi ulingoni mpaka 2023. Hesabu mwenyewe. Vizazi viwili vya wanaume wa kisiwa hiki vimekua bila ulingo wa ngumi, na mimi ni wa kizazi cha pili. Marehemu baba alikuwa akiwataja mabondia wa Ng'ambo wa ujana wake kwa majina ya utani, akionyesha na mikono jinsi walivyosimama, na mimi namtazama bila kuelewa ananionyesha nini, kwa kuwa sikuwahi kuona mtu amesimama hivyo. Nilikuwa na mpira tu, na mpira mguu wangu haukuutaka.

Kuhusu kujifunza kuanguka sisemi kitu. Kila aliyepata kufunga mkanda mweupe ana mawaidha yake juu ya kuanguka, na mengi yanafanana. Niseme juu ya mikono, kwa sababu mikono ndiyo inayonilisha.

Katika judo unamshika mwenzio nguo: mkono mmoja kwenye ukosi, wa pili kwenye mkono wa koti karibu na kiwiko. Vijana wanadhani nguvu ziko mabegani. Nguvu ziko kwenye vidole vitatu vya mwisho, kidole kidogo kikiwa ndiye bwana mkubwa wao. Mwenzio anavunja mshiko wako kwa kung'oa koti kwa kishindo, na kila akiling'oa linapita na ngozi ya vifundo. Asubuhi yake vidole vinaamka vimejikunja kama vinashikilia kitu kisichokuwapo. Navitia kwenye maji ya vuguvugu, navinyoosha kimoja kimoja juu ya ukingo wa meza ya kukatia, halafu ndipo naanza kutafuta tundu la sindano. Siku mbaya namwita mwanafunzi wangu wa ushonaji anitungie uzi. Anatunga, ananirudishia, hasemi neno, lakini nyusi zake zinasema. Mke wangu yeye hakunyamaza: "Baba Salma, wateja wanalipia mikono hiyo." Nikamwambia na mimi naichunga, ndiyo maana naifunga plasta kidole kwa kidole kabla ya kuingia. Akaniuliza plasta hizo zinanunuliwa kwa pesa gani. Mjadala uliishia hapo, na hakuwa mimi niliyeushinda.

Mwili wa miaka hii una hesabu zake. Makocha wanatumia kanuni ya kukadiria, 220 ukitoa umri, kupata mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa dakika. Mimi ni 173; kijana wa miaka ishirini ni 200. Kwa hiyo tukikamatana naye kwa kasi moja, mimi nafika ukutani yeye bado yumo barabarani. Misuli inarudi baada ya siku mbili. Kano na viungo havirudi haraka, maana damu inayovifikia ni kidogo, na uzee unaongezea wake. Kocha wangu, ambaye ningeweza kumzaa, aliniambia kwa adabu zote: "Mzee wangu, wewe ukipumzika nakuhesabia ni mazoezi." Nikalipenda neno hilo, ila najua kijana asingemwambia hivyo.

Watu wakitaka kunitia moyo wananitajia George Foreman. Ni kweli, Novemba 1994, akiwa na miaka 45, alimwangusha Michael Moorer raundi ya kumi na kurudisha ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Lakini Foreman alikuwa bingwa wa Olimpiki 1968 na bingwa wa dunia 1973. Alirudi nyumbani kwake, akakuta funguo bado zinafungua. Mimi sina pa kurudi. Naanza na mkanda mweupe pamoja na watoto wa darasa la sita, na mmoja wao alinisahihisha namna ya kuufunga.

Basi nikaingia mashindanoni. Yalikuwa ya klabu kwa klabu, madogo, na hapakuwa na kundi la umri wangu. Niliwekwa kundi la uzito wa mpaka kilo 90, pamoja na yeyote aliyekuwamo. Kabla ya kuingia wanakukagua nguo, na hapo kidogo nilijiona mkubwa: mikono ya koti inyooke mpaka kwenye kifundo cha mkono, ukosi usizidi unene wa sentimita 1. Koti langu nilikuwa nimelirekebisha mwenyewe, hakuna refa wa kuligusa.

Pambano la kwanza halina habari. Mwanafunzi wa chuo, mrefu, alinigeukia kifuani, nikaona dari, nikasikia refa akisema ippon, yaani ushindi kamili, pambano limekwisha. Nadhani hata waliokuwa wakitafuta viti hawakuliona.

La pili lilikuwa na kijana mfupi mwenye mabega, aliyekuwa na pupa. Alinivamia miguu, akateleza, tukaenda chini wote, na mimi nikawa juu. Hapo sikufikiri. Mkono wa kulia ukazunguka shingo yake, wa kushoto ukakamata mkono wa koti lake na kuubana kwapani kwangu, nikaketi ubavuni pake miguu nimeitandaza. Refa akanyoosha mkono na kutamka osaekomi. Sheria ni sekunde 20: ukimshikilia mtu mgongo chini kwa muda huo, umeshinda. Nani kasema sekunde 20 ni chache? Kijana alijikunja upande mmoja, akarudi, akapiga daraja kwa shingo mpaka nikanyanyuka naye, akanisukuma kidevu. Nilisikia pumzi yake inagonga mbavu zangu. Nikahisi mshono wa kwapa lake unaanza kuachia chini ya vidole vyangu, nikahamisha mshiko inchi mbili kwenda kwenye pindo, mahali ninapojua hapachaniki. Mshiko ukakaa. Ilipolia kengele alikuwa ameacha kusukuma, na mimi bado nambana mpaka refa aliponigusa bega.

Umri wake ni wa mwanangu wa pili. Nilimwinua, tukainamiana, nikamshika mkono na kumwombea kheri. Na muda wote huo ndani yangu kulikuwa na furaha isiyo na adabu hata chembe, furaha ambayo sikuipata siku ya kufungua duka. Sikufurahi kwamba nina afya. Nilifurahi kwamba alikuwa akitaka kutoka, kwa nguvu zake zote na ujana wake wote, na nikamkatalia.

Nilipotoka uwanjani kila aliyenipa mkono alinisifu kwa mazoezi. "Mashaallah, umri huu na bado unajitahidi!" Hakuna aliyeniuliza nilimshika vipi. Mpaka leo nangoja mtu aniulize kuhusu ile inchi mbili.

Kwa mama yangu ni Makunduchi, na pale, kila mwaka siku ya Mwaka Kogwa, mwaka mpya wetu wa jadi, wanaume wazima wanasimama kiwanjani na kupigana kwa migomba mbele ya wake zao, watoto na watalii. Wanachapana kweli. Wenye vinyongo wanavimaliza, kibanda cha makuti kinachomwa, watu wanakwenda kula. Nimemwona mjomba wangu, mwenye mvi kichwa kizima, akimkimbiza jirani yake na shina la mgomba huku anacheka kama kichaa, na jioni wanakula sinia moja. Hakuna aliyemuuliza habari ya sukari. Kwa hiyo hili ninalolisema wazee walilijua. Walilipa siku yake na kiwanja chake. Mimi siku moja kwa mwaka hainitoshi.

Na kumbe duniani liko kundi letu. Shirikisho la judo la kimataifa lina mashindano ya dunia ya maveterani kuanzia miaka 30, yanapangwa kwa kila miaka mitano. Mimi ningekuwa wa 45 mpaka 49, nikikutana na mafundi cherehani wenzangu, na madereva, na walimu wa hesabu, kila mmoja na magoti yake. Mwaka 2023 yalifanyika Abu Dhabi. Dada yangu anaishi Muscat; nilipomwambia, akasema ningekuja kwake kwanza, tungekwenda kwa gari. Nilisoma habari hizo mashindano yamekwishapita. Baada ya hapo yakenda Las Vegas 2024, kisha Paris 2025, na kwa Las Vegas na Paris duka langu lingeuzwa na cherehani zake.

Kwa sasa kuna mashindano mengine ya klabu baada ya Idi. Ramadhani tunafanya mazoezi baada ya tarawehe, mepesi, koo likiwa limeshapata maji. Kocha anataka anipange tena kilo 90. Mimi nina kilo 84 na nataka kushuka 81, kwa sababu yule mwanafunzi wa chuo naye, nimeambiwa, anashuka. Kocha ameuliza kama namfuata mtu au nafuata uzito. Nimemwambia aandike 81. Tatizo ni kwamba wiki ya kupimwa kuna harusi Jang'ombe, ya upande wa mke wangu, na biriani ya nyumba ile naijua.