Kidonda na nyumba

Jumanne jioni, Mwanza

Kesho wanafunzi wa uuguzi na wa ustawi wa jamii wanaingia chumba kimoja cha mazoezi. Mdoli amepakwa tayari jeraha la moto la kuigiza: vaselini, tishu iliyochanwachanwa, rangi ya chakula. Wekundu wa vitabuni tumeuacha. Ngozi nyeusi iliyoungua juujuu huzidi kuwa nyeusi au hukaribia zambarau; waridi huonekana pale ilipobanduka.

Kisa ni cha mtoto wa miaka mitatu, kilo 12, ameungua mkono. Mama yake, mwanika dagaa wa mwalo wa Igombe, anasema kamwagikiwa chai. Lakini chai hutiririka na kuacha mabaka. Alama hii imeuzunguka mkono kama glovu na ukingo wake umenyooka. Hilo ni la muuguzi kuliona. Atakadiria eneo kwa kiganja cha mtoto mwenyewe na vidole vyake, takriban asilimia 1 ya mwili, kisha parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo: 180, yaani mililita 7.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5. (Wapo watakaomimina kijiko kimoja bila hata kumpandisha mtoto mzani.)

Habari za nyumbani ni za mwenzake wa ustawi wa jamii kuzipata. Mwezi umeingia giza, baba yuko ziwani akivua kwa karabai, mama huondoka alfajiri kuanika, mtoto hubaki na dada wa miaka saba. Huyo dada ndiye aliyeutumbukiza mkono kwenye beseni la maji ya moto, akimwosha uji. Mwigizaji wa mama ameelekezwa aseme haya akiketishwa pembeni tu. Akiulizwa "mbona umechelewa kumleta?", ananyamaza.

Zoezi hili huharibika kwa namna ileile: wa ustawi wanaegemea ukuta, mwishoni wanaitwa kwa ajili ya msamaha wa malipo, na habari ya glovu haijawafikia kamwe. Kwa hiyo wanaingia pamoja tangu dakika ya kwanza. Kisa dakika 12, mjadala 30, na ustawi ndio wanaofungua mjadala, maana wauguzi ni wengi na hawakawii kuanza.

Watabishana. Wengine watataka polisi papo hapo, wengine watasema ni ajali tu, ingawa Sheria ya Mtoto ya 2009 inaweka wajibu wa kutoa taarifa mtoto anapodhulumiwa. Karatasi ya mwezeshaji haina jibu. Ina swali moja: keshokutwa alfajiri, dagaa wakianikwa, mtoto atakuwa na nani?